Friza imekufa, waranti haina mwenyewe

SWALI

Mjomba wa Kaunta, habari ya siku nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina kibanda cha samaki hapa Kondele, Kisumu. Nauza mbuta wa vipande na ngege wa kukaanga, na jioni soda baridi. Mwezi wa tatu nilichoka kununua barafu kila asubuhi, nikachukua zamu yangu ya chama nikaagiza friza ya lita 200 kwenye soko la mtandaoni. Bei ilikuwa shilingi 38,500. Dukani hapa mjini saizi hiyo hiyo waliniambia 46,000, nikaona nimeokota. Kwenye ukurasa wa mauzo waliandika kwa herufi kubwa: WARANTI MIEZI 12. Nililipa kwa M-Pesa ndani ya programu yenyewe, pesa zikaenda kwa jina la soko, lakini risiti ilikuja na jina la muuzaji wa Nairobi.

Mzigo ulifika baada ya siku tano. Niliubeba kwa tuktuk kutoka kituo chao, kijana ameushika kwa nyuma usianguke. Ndani ya boksi mlikuwa na kadi ya waranti, lakini tupu: haina muhuri, haina tarehe, pa jina la duka pameachwa wazi. Sikujali, kwa sababu friza iligandisha usiku ule ule. Ila ubavuni ilikuwa inachemka kuliko ya dada yangu.

Mwezi wa saba, Jumapili moja asubuhi, tulipofungua tulipokewa na harufu. Kilo 18 za mbuta zimeharibika. Fundi akaja akasema gesi imeisha, akakata bomba akajaza, nikamlipa 3,500. Ikagandisha siku mbili, ikafa tena. Alivyorudi alipima akasema kompresa, ile pampu ya gesi, imeungua. Halafu akasoma kibandiko cha nyuma, akatikisa kichwa: “Mama, hapa pameandikwa 220V, 60Hz. Hii si ya huku.” Nilimuuliza maana yake akawa tayari anafunga mkoba wake.

Ndipo danadana ikaanza. Soko wakasema bidhaa hurudishwa ndani ya siku saba, zangu zimepita, nizungumze na muuzaji. Muuzaji akasema waranti ni ya kiwanda, niende kwa wakala wa kampuni. Wakala akaandika nambari ya siriali kwenye kompyuta, akaniambia friza hiyo haimo kwenye orodha yao, hawakuileta wao nchini. Nikarudi kwa muuzaji, akaniambia stima ya Kisumu ndiyo iliyoiua, na waranti haihusu mambo ya stima. Sasa hapokei simu zangu.

Kuna kijana wa vyuma kuukuu anapita hapa kila siku, ananiambia atanipa 2,000 niimalize. Mume wangu anasema nichukue. Je, Mjomba, nichukue? Na hiyo waranti ni kitu gani, ikiwa kila anayeulizwa anaikana?

Mama Samaki, Kondele

JIBU

Mama Samaki, pole kwa hasara, na pole zaidi kwa kuzungushwa. Usichukue hizo 2,000. Hiyo friza uliyonayo kibandani ndiyo shahidi wako mkuu, na shahidi hauzwi kwa kilo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni kesi ya waranti kama nyingine zinazonifikia kila wiki. Mara ya pili nikakwama pale fundi wako aliposoma kibandiko. Umeiandika kama jambo la kupita tu, kumbe ndiyo roho ya kesi yako. Tuanzie hapo, kadi ya waranti itafuata.

Stima ya Kenya ni volti 240, na mkondo wake hupiga mara 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo 50Hz. Ziko nchi ambazo stima yao hupiga mara 60, kwa mfano Saudi Arabia na Korea Kusini. Friza iliyoandikwa “220-240V, 50/60Hz” haina shida, imeundwa kubeba zote mbili. Yako imeandikwa 60Hz peke yake. Kompresa ya kawaida huzungusha mota yake kwa kasi inayofuata mapigo ya stima. Iliyoundwa kwa mapigo 60, ukiichomeka kwenye mapigo 50, inapungua kasi kwa kadiri ya moja ya sita, huku ikivuta mkondo mwingi kuliko ilivyokusudiwa, na ule mkondo wa ziada unaishia kuwa joto. Ongeza volti 240 juu ya kitu kilichoandikiwa 220. Haifi siku hiyo. Inagandisha, unafurahi, unasifia bei, na huku ndani mota inajichoma taratibu.

Ubavu wa friza kupata joto si ugonjwa, mama, maana kwa nyingi bomba la kutolea joto limepitishwa humo humo ubavuni. Lakini ikiwa ya kwako ilichemka kupita ya dada yako tangu siku ya kwanza, liandike hilo. Linaenda sambamba na kibandiko.

Sasa ona jinsi mambo yanavyogeuka. Muuzaji anasema stima ya Kisumu ndiyo iliyoua friza yake. Kwa namna fulani anasema kweli! Stima ya Kisumu, ya Nakuru, ya Busia na ya Nairobi alikokaa yeye, zote ni 50Hz, na aliyekuuzia mtu wa Kenya kifaa cha 60Hz bila kukuambia ni yeye. Mwambie hivyo hivyo, kwa maandishi.

Nilikaa nyuma ya kaunta ya vifaa vya umeme kule Nakuru kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku ziwani, na mizigo ya namna hii niliiona. Si feki. Kampuni ni ile ile, kiwanda ni kile kile, ila iliundwa kwa soko la nchi nyingine, ikaingizwa na mfanyabiashara asiye wakala. Ndiyo maana bei yake inashuka, na ndiyo maana wakala wa hapa anaikana: nambari za siriali alizonazo ni za mizigo aliyoileta mwenyewe. Kwa hiyo yule wa kompyuta hakukudanganya. Mwache, usimrudie tena, anakumalizia nauli. Ila ukiweza kumwomba akuandikie mstari mmoja kwenye barua pepe kwamba siriali hiyo haimo kwenye orodha yao, umepata karatasi ya maana sana.

Nije kwenye swali lako, waranti ni kitu gani. Waranti ni ahadi. Mtu fulani, kiwanda au duka, anaahidi kwa hiari yake kwamba kikiharibika ndani ya muda fulani atatengeneza au atabadilisha, kwa masharti yake. Kwa kuwa ni ahadi, swali la kwanza ni nani aliyeahidi. Kadi yako tupu haisemi. Lakini ukurasa wa mauzo ulisema “waranti miezi 12”, na ukurasa huo ni wa muuzaji, ndani ya soko lililopokea pesa. Ikiwa alijua kiwanda hakitaitambua siriali hiyo, basi ahadi ile ilikuwa yake mwenyewe au ilikuwa uongo, hakuna njia ya tatu. Na Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kumdanganya mteja kuhusu kuwepo kwa waranti.

Chini ya ahadi hiyo kuna kitu kizito zaidi ambacho watu wengi hawakijui, kwa sababu hakiandikwi kwenye boksi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na maelezo yake, chenye ubora wa kuuzika, na kinachofaa kwa kazi uliyomwambia unakinunulia. Sheria ya Kulinda Watumiaji, Nambari 46 ya mwaka 2012, inaendeleza hapo hapo, na inasema muuzaji hawezi kuiondoa haki hiyo kwa kuandika masharti yake. Katiba nayo, Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia zikikutia hasara. (Sheria nambari 46, Katiba kifungu cha 46. Mimi huwaambia wateja wakariri hiyo tu.) Haki hii haihitaji kadi wala muhuri, na siku saba za soko haziigusi. Siku saba ni utaratibu wao wa kurudisha mzigo ambao mtu hakuupenda au umefika umevunjika. Wewe huwaambii hukuipenda friza. Unawaambia mliniuzia kitu ambacho hakikufaa stima ya nchi hii tangu kilipotoka kwenye boksi.

Kwa hivyo umekuwa ukigonga mlango usio wako. Umeshika kadi ukimtafuta mwenye jina la kwenye friza, ilhali wa kufuatwa ni aliyekuuzia na aliyepokea pesa. Hao ni wawili, na uwaandikie wote wawili kwa barua moja, ili asipatikane wa kusema “sikuambiwa”. Soko litajitetea kwamba wao ni uwanja tu, wanakutanisha watu. Wajibu kwamba M-Pesa yako ina jina lao, na kwamba sheria ya 2012 inapomtaja msambazaji inamhesabu pamoja na wakala wake. Hata wakikataa kulipa, wadai jina kamili la biashara ya muuzaji na anwani yake. Jina hilo unaweza pia kulitafuta kwenye usajili wa biashara kupitia eCitizen. Mtu ambaye humjui jina lake halisi huwezi kumshtaki.

Kabla hujaandika chochote, leo hii, ingia kwenye programu upige picha ya skrini ya ukurasa wa friza ile, maneno ya waranti yaonekane, pamoja na oda yako. Kurasa hizi huhaririwa usiku mmoja. Ukikuta umeshafutwa, tafuta barua pepe ya kuthibitisha oda. Kisha piga picha ya kibandiko cha nyuma kwa karibu, herufi zisomeke, na nyingine kwa mbali ionekane ni friza ile ile. Tazama pia kama ina stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa za kutoka nje. Kama haina, andika hivyo. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, na WhatsApp za muuzaji zihifadhi, hasa ule wa “waranti haihusu stima”.

Yapo mawili yatakayokuuma, na sitakuficha. La kwanza ni fundi. Alipokata bomba na kujaza gesi, alimpa muuzaji neno la kusema: “friza imefunguliwa, waranti imekufa.” Kadi karibu zote zina sharti hilo. Kama ungekuwa unategemea waranti peke yake, ningekuambia kesi imelegea. Lakini bomba lilikatwa baada ya friza kufa, na kukata bomba hakubadilishi kilichoandikwa kwenye kibandiko. Mwombe huyo fundi akuandikie karatasi: tarehe alizokuja, alichokuta, alichofanya, na kwamba kompresa imeungua. Atie sahihi na nambari yake ya simu. Akitaka kitu kidogo kwa muda wake, mpe. Na asiguse tena, wala mwingine asiguse. Najua kuna atakayekuambia ana kompresa ya mtumba pale Kibuye ya bei poa. Akiifunga hiyo, ile iliyoungua inaondoka na ushahidi wako.

La pili ni kibanda chenyewe. Kadi nyingi za friza huandika kwa herufi ndogo kwamba waranti ni ya matumizi ya nyumbani. Soma yako. Wakikuuliza ulikuwa ukiitumia wapi, usidanganye, maana anwani ya oda na barua zako zitakuumbua. Sema ilikuwa kibandani, kisha uwarudishe kwenye 60Hz: hata ingekaa sebuleni ingekula stima ile ile.

Na wale mbuta kilo 18? Wadai. Lakini uwe na cha kuonyesha: ujumbe wa M-Pesa uliowanunulia kule Dunga au popote ulipowapata, picha kama ulipiga. Bei ya friza ndiyo nina imani nayo. Samaki, tia kwenye hesabu, ila usiwapangie matumizi bado.

Barua iwe fupi. Watu wakikasirika huandika kurasa nne za uchungu, na anayesoma ofisini anaruka hadi mwisho. Tumia hii, ubadilishe mambo yako:

“Tarehe fulani, kwa oda nambari fulani, niliwalipa shilingi 38,500 kwa friza mliyoitangaza ina waranti ya miezi 12. Imeharibika baada ya miezi minne. Kibandiko chake kinaonyesha 220V, 60Hz, wakati umeme wa Kenya ni 240V, 50Hz. Haikufaa kutumika nchini tangu siku mliyoiuza, na hamkunijulisha. Wakala wa kampuni haitambui siriali yake, kwa hivyo waranti mliyoitangaza haipo. Nadai mnirudishie 38,500 na mje mchukue friza yenu kwa gharama yenu. Nimeambatisha picha, risiti na maelezo ya fundi. Nasubiri jibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Mkinyamaza nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na madai katika Mahakama ya Madai Madogo.”

Itume kwa barua pepe na pia kwenye sehemu ya mazungumzo ya programu yao. Usipige simu tena. Simu imekupa nini tangu mwezi wa saba? Mwenzio anapokea, anasema “tutakurudia”, na huna cha kuonyesha. Akikupigia yeye, msikilize, kisha mwandikie: “Kama ulivyoniambia leo saa nne asubuhi…” Hapo maneno yake yamekuwa karatasi.

Nakuombea usifike mahakamani, lakini usiiogope. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Kisumu ipo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na Kiswahili chako kinatosha. Mzigo uliletewa Kisumu na bado upo Kisumu, kwa hiyo anza kwa karani wa hapa kabla hujawazia basi la Nairobi. Uende na zile picha zimechapishwa, maana simu huzima chaji pale pale unapoitwa. Niliwahi kumsindikiza mtu mwenye ushahidi wote kwenye simu iliyopasuka kioo. Tulishinda siku ile tukitafuta saiba ya kuchapisha.

Kwa Mamlaka ya Ushindani malalamiko unayatuma kwa maandishi, na hapo usisitize jambo moja: kutangaza waranti isiyokuwepo. Usitarajie wakurudishie pesa kesho. Nguvu yao ni kwamba wanaweza kumwita huyo muuzaji na hilo soko wajieleze, na masoko haya hayapendi kabisa kuitwa.

Mengine ni ya siku zijazo, na nitayapitia haraka kwa sababu najua kwa sasa hutaki hata kusikia neno friza. Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji ndani ya programu umuulize waranti ni ya nani, na kituo cha kuitengenezea kiko wapi kwa upande wa Kisumu. Omba picha ya kibandiko cha nyuma. Anayesita kupiga picha ya kibandiko ana sababu yake. Ukipokea mzigo, soma kibandiko hapo hapo kituoni kabla tuktuk haijaja, na zile siku saba utazikuta bado unazo. Muulize muuzaji pia waranti ya kompresa ni ya miaka mingapi, kwani kadi nyingi huipa kompresa muda mrefu kuliko friza yenyewe. Nunua fridge guard, ile plagi ya kukinga friji, maana visa vya stima kupanda na kushuka huku kwetu vipo kweli, na waranti haivihusu. Wala usiilaze friza chali safarini. Mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ikibidi ilazwe, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuichomeka. Yako ilisimama kwenye tuktuk? Kama ilisimama, litaje na hilo kwenye maelezo yako, kabla hawajakusingizia.

Tofauti ya 7,500 kati ya bei ya dukani na ya mtandaoni, mwambie mumeo asikulaumu nayo. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu ya kaunta, nimewahi kununua redio mtandaoni kwa sababu ya bei, nikajifanya sikuona kwamba plagi yake ilikuwa ya miguu miwili.

Sasa hiyo friza ichomoe, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na siki, uikaushe, uache mfuniko wazi kwa kipande cha mti ili isivunde. Igeuze kibandiko kitazame ukutani, watoto wasikibandue. Na yule kijana wa vyuma akipita kesho, mwambie arudi baada ya siku 14 uone muuzaji anasemaje. Ukipata jibu, lolote lile, nitumie nilione kabla hujalijibu.

Mjomba wa Kaunta